Mabalozi na Siku za Sikukuu

Huku kwetu mlimani Meru mtu mzima akialikwa karamuni hatazami kwanza chakula. Hutazama ni nani ameketishwa karibu na mwenye mji, ni nani ameachwa mlangoni, na ni nani hakuitwa kabisa. Arudipo nyumbani humweleza mkewe mambo ambayo hayakunenwa na mtu ye yote pale. Nami nimeona ya kuwa mabalozi wa mataifa hufanya kazi iyo hiyo, ila wao hulipwa mshahara.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa hasa katika nchi za Kikomunisti, kwa maana huko magazeti yote yalinena neno moja, wala ugomvi wa wakubwa haukutangazwa. Basi huko Moscow, kila sikukuu ya tarehe 1 Mei na ya 7 Novemba, wageni waliangalia ni nani wamesimama juu ya kaburi la Lenin, na kwa utaratibu gani. Hata hivyo wenye macho hupitwa. Tarehe 1 Oktoba 1970, sikukuu ya taifa la China, Mao alimsimamisha kando yake Mwamerika mmoja, mwandishi Edgar Snow, mbele ya watu wote. Picha yao ikachapwa katika gazeti kuu la nchi mwezi wa Desemba. Maana yake ilikuwa: twataka kusema na Marekani. Walakini wakubwa wa Washington hawakuifahamu, na Kissinger mwenyewe alikiri hivyo baadaye.

Lakini la China ni la mbali. La Unguja ni letu. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, China na Urusi ziliikubali serikali mpya upesi; Uingereza na Marekani zilikawia hata tarehe 23 Februari. Serikali ile pia iliikubali Ujerumani ya Mashariki, na watu wa Magharibi wakaanza kuiita Unguja Cuba ya Afrika. Mwezi wa Aprili ikaungana na Tanganyika, lakini mashaka hayakwisha.

Basi ukumbusho wa mwaka wa kwanza ulipokaribia, konsuli wa Marekani huko Unguja, Frank Carlucci, alifikiri kwamba yafaa Washington ipeleke salamu za heri. Nami naona alifikiri vema, kwa maana waliokawia mwaka uliotangulia, kama wangenyamaza tena siku ya furaha, kunyamaza kwao kungesomwa kuwa ni chuki. Akazungumza kwa simu na mwenzake wa Dar es Salaam, Robert Gordon. Kama Carlucci alivyosimulia baadaye, katika mazungumzo hayo lilitajwa neno la risasi: kwamba zatakiwa zaidi. Makusudi yake ni hoja za kuwashawishi wakubwa wao, kwa kuwa Waingereza na Waamerika husema hivyo katika lugha yao. Lakini simu ilikuwa ikisikilizwa na watu wengine, nao wakaelewa risasi za bunduki.

Msishangae sana. Waliosikiliza walikuwa watu ambao serikali yao ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, tena waliipata kwa silaha. Mtu wa namna hiyo asikiapo risasi, hafikirii hoja.

Mwezi ule ule wa Januari 1965 Mwalimu Nyerere akawafukuza wote wawili. Marekani nayo ikamfukuza mjumbe mmoja wa Tanzania, na Mwalimu akamwita nyumbani balozi wake aliyekuwa Washington.

Carlucci alipanda vyeo. Tangu mwaka 1978 alikuwa makamu wa mkuu wa upelelezi wa Marekani, na mwaka 1987 akawa waziri wa ulinzi. Mtu aliyemshuku tangu zamani aweza kuona humo ushahidi, lakini cheo cha mwaka 1978 hakielezi maneno yaliyonenwa katika simu ya 1965.