Kujenga na Kutunza

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: serikali ikijenga nyumba nzuri, taabu ya maskini mjini itakwisha. Je, ni kweli? Tutazame habari za St. Louis, mji wa Marekani ulio kando ya mto Mississippi, ambao unaitwa kwa jina la Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa.

Baada ya vita kuu ya pili, maskini wa mji ule walibanana katika nyumba kuukuu, nyingi hazina choo ndani. Mwezi wa Julai 1949 Rais Truman alitia sahihi sheria ya nyumba. Sheria hiyo iliruhusu kujenga nyumba 810,000 katika inchi nzima kwa muda wa miaka sita. Serikali kuu ilitoa fedha. Kila mji ulichagua mahali, ukachora ramani na kujenga.

Ndipo St. Louis ikabomoa mtaa mmoja wa zamani na kujenga Pruitt-Igoe: majengo 33, kila moja lina orofa 11, na ndani yake makao 2,870. Fundi aliyechora ramani ni Minoru Yamasaki. Wapangaji wa kwanza waliingia mwaka 1954, wakafurahi kupata maji, mwanga na chumba cha watoto. Kwanza ilipangwa kwamba watu weusi wakae upande mmoja, weupe upande mwingine. Mwaka 1955 mahakama ilikataza ubaguzi huo, na muda si mrefu weupe wakahama.

Kosa kubwa lilikuwa limefichika katika hesabu. Fedha za serikali kuu zililipa deni la kujenga. Lakini kufagia, kutengeneza mabomba na lifti, kulipa walinzi, hayo yote yalitegemea kodi ya wapangaji. Wakubwa wa mji walidhani watu watazidi kuongezeka. Kumbe walipungua: mwaka 1950 mji ulikuwa na watu zaidi ya 850,000, na mwaka 1970 hawakufika 630,000. Wenye kazi nzuri walihamia vitongojini, tena wakisaidiwa na serikali kuu ileile, iliyodhamini mikopo ya nyumba zao na kugharimia barabara kubwa. Walibaki walio maskini zaidi. Makao yakawa matupu, kodi ikapungua, matengenezo yakacheleweshwa. Lifti, ambazo hata zikiwa nzima zilisimama katika orofa chache tu, ziliharibika. Mabomba yalipasuka kwa baridi. Na wale waliobaki wakadaiwa kodi kubwa zaidi.

Jambo moja linatuumiza zaidi. Kwa kanuni za misaada za wakati ule, mama hakupata msaada wa watoto wake kama mwanamume mwenye nguvu za kufanya kazi alikaa nyumbani. Basi baba wengi waliondoka, au walijificha afisa alipopita. Kwa mkono mmoja serikali ilijenga nyumba, kwa mkono wa pili ikabomoa jamaa.

Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za serikali mjini humo walikataa kulipa kodi muda wa miezi tisa, mpaka wakasikilizwa. Lakini Pruitt-Igoe ilikuwa imekwisha kuoza. Tarehe 16 Machi 1972 jengo la kwanza liliangushwa kwa baruti. Kufika mwaka 1976 hapakubaki hata moja.

Wengine walisema: tazameni, maskini hawajui kukaa katika nyumba nzuri. Maneno hayo si haki. Katika mji uleule kulikuwa na majengo marefu mengine ya serikali, jina lake Cochran Gardens. Mwaka 1976 wapangaji wenyewe, wakiongozwa na mama mmoja, Bertha Gilkey, walikabidhiwa usimamizi. Waliweka kanuni zao, wakasafisha, wakatengeneza, na mtaa uliokuwa wa hofu ukapata amani. Ingawa majengo hayo nayo yalibomolewa miaka mingi baadaye, yalionyesha kwamba maskini akipewa madaraka na fedha za kutosha anaweza kutunza.

Serikali kuu nayo ilijifunza kidogo. Sheria ya mwaka 1974 juu ya nyumba na maendeleo ya mitaa iliipa miji fedha za kutumia kwa mipango yao wenyewe, lakini kwa sharti la kuwasikiliza wananchi kwanza.

Papa Pio wa 11 alifundisha jambo hilo mwaka 1931 katika barua yake Quadragesimo Anno: wakubwa wasiwanyang'anye wadogo kazi wanayoweza kuifanya wenyewe, bali wawasaidie. Miji yetu pia, kama Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu, ina mitaa iliyojengwa na Office des Cités Africaines, iliyoanzishwa mwaka 1952. Basi, kila mara tunapoonyeshwa ramani ya mtaa mpya, tuulize maswali mawili: nani atalipa matengenezo ya mwaka wa kumi? Na watakaokaa humo wameulizwa?