Mhariri aliyehesabu nyota, na vumbi lililowapotosha wataalamu

Kusini mwa jiji la Brussels, katika eneo la Uccle, kipo Kituo cha Kifalme cha Kuchunguza Nyota cha Ubelgiji. Miongoni mwa waliokiongoza katika karne ya 19 ni Jean-Charles Houzeau, aliyepata pia kuwa mwandishi wa habari.

Houzeau, aliyezaliwa mwaka 1820, alifukuzwa kazi kituoni hapo mwaka 1849 kwa kuunga mkono jamhuri. Alihamia Marekani, akapinga utumwa huko Texas, na kuanzia 1864 hadi 1868 alilihariri New Orleans Tribune, gazeti la Wamarekani weusi lililodai haki yao ya kupiga kura. Baadaye akaishi Jamaica, ambako aliorodhesha nyota zaidi ya 5,000 zinazoonekana kwa macho matupu. Mwaka 1876 alirejea Brussels akiwa mkurugenzi, na mwaka 1878 akachapisha orodha hiyo pamoja na uchunguzi wa jinsi nyota zilivyotawanyika.

Kwa nini mtu ahesabu nyota? Mwaka 1785 William Herschel, huko Uingereza, alichora umbo la Njia ya Maziwa kwa hesabu za namna hiyo. Penye nyota nyingi, alidhani, kundi limeenea mbali. Penye chache, ukingo u karibu. Hesabu zikaliweka Jua karibu na kitovu. Mholanzi Jacobus Kapteyn naye, mwaka 1922, alifikia picha inayofanana na hiyo. Wote wawili walihesabu kana kwamba hakuna kinachoizuia nuru njiani.

Mwaka 1923, Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, alizitumia hesabu hizo kwa namna nyingine. Alihesabu nyota ndani ya doa jeusi la anga, kisha katika eneo la jirani lenye ukubwa uleule, akizipanga kwa viwango vya mwangaza. Nyota angavu zililingana pande zote mbili. Zilizofifia zilipungua upande wa doa. Kiwango ambapo upungufu unaanza hudokeza umbali wa wingu la vumbi, na ukubwa wa upungufu huonyesha kiasi cha nuru inayozuiliwa. Mwaka 1930 Robert Trumpler, huko California, alithibitisha kwa njia tofauti kwamba vumbi limetanda kotekote katika Njia ya Maziwa.

Leo twajua kwamba Jua liko umbali wa takriban miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovuni. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kuzimwa mwaka 2025, kilipima nyota zaidi ya bilioni 1, na kwa vipimo hivyo wataalamu huchora ramani za vumbi hilo.

Nawe msikilizaji uliyeko Afrika Mashariki, usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mji, tazama kando ya Msalaba wa Kusini. Utaona doa jeusi. Usiseme hapana nyota pale. Zipo, nyuma ya vumbi. Na Herschel na Kapteyn walikosea kwa sababu waliamini kwamba kisichohesabika hakipo.