Vita vya Adwa, 1896

Vita vya Adwa vilipiganwa tarehe 1 Machi 1896 katika milima ya Tigray, kaskazini mwa Uhabeshi, kati ya majeshi ya Mfalme Mkuu Menelik II na jeshi la Italia. Italia ilitumia Mkataba wa Wuchale, uliotiwa saini na pande hizo mbili mwaka 1889, kudai kuwa Uhabeshi iko chini ya himaya yake. Menelik akaukana mkataba huo na kuwaita watu wake vitani.

Makabila na majimbo mengi yaliitikia. Huko Mekelle, Malkia Taytu, mke wa Menelik, alisukuma mpango wa kuteka chemchemi zilizoinywesha ngome ya Waitalia, na kiu ikawalazimisha kuisalimisha Januari 1896.

Jenerali Oreste Baratieri, kamanda wa Waitalia, akibanwa na upungufu wa chakula na shinikizo la serikali ya Roma, aliondoka usiku na brigedi nne kuelekea Adwa. Ramani yake ilikuwa mbovu. Brigedi ya Jenerali Albertone ilivuka kilima ilichopaswa kushikilia, ikasonga mbele na kujikuta peke yake alfajiri. Wahabeshi, waliokuwa wengi zaidi na wenye bunduki na mizinga ya kisasa, wakazishambulia brigedi moja baada ya nyingine. Majenerali wa Italia Arimondi na Dabormida waliuawa, Albertone akatekwa.

Kwa sababu ya kushindwa huko, serikali ya Waziri Mkuu wa Italia, Francesco Crispi, ilianguka. Kwa Mkataba wa Addis Ababa wa Oktoba 1896, Italia ilitambua uhuru kamili wa Uhabeshi, ingawa ilibaki na Eritrea.