Kurashiwa na Kujipulizia: Manukato na Unyozi katika Historia ya Mwanamume wa Pwani

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umesomwa kwa zaidi ya karne moja kama waraka wa mwanamke kwa mwanamke. Wahakiki wengi, tangu Alice Werner na William Hichens walipoutoa kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, wamejishughulisha na suala la utiifu wa mke: wapo wanaoutetea utendi huo na wapo wanaoushutumu. Katika mjadala huo, sehemu moja ndogo hupitwa haraka. Humo mama, ambaye alikuwa mgonjwa, anamwagiza binti yake asiache kumnyoa mumewe, amtengeneze ndevu, na amfukize udi asubuhi na jioni. Ni kweli kwamba binti naye anaagizwa ajipambe. Hata hivyo, katika sehemu hiyo mwili unaonyolewa na kufukizwa si wa mwanamke. Ni wa mwanamume, tena ametulia tuli kama mgeni aliyekaribishwa barazani, akitendewa.

Neno hilo, akitendewa, ndilo kiini cha mhadhara huu. Historia ya unadhifu wa wanaume katika pwani ya Afrika Mashariki imehifadhiwa katika vitu vichache sana, kwa kuwa manukato hufuka na nywele zilizonyolewa hufagiliwa. Kilichosalia ni lugha. Na lugha, ikichunguzwa katika kauli zake za vitenzi, inaonyesha kwamba mwanamume wa pwani kwa karne nyingi hakujitia manukato: alitiwa. Kujitia ni jambo lililokuja baadaye, nalo lilikuja na bidhaa zake.

Neno marashi lenyewe ni ushahidi mzuri. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza, ambao umekipa Kiswahili kitenzi rasha na nomino mrashi, yaani kile chombo chenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba ndefu, aghalabu cha fedha, ambacho hutikiswa ili kioevu kitoke kwa matone. Kiswahili kikaichukua silabi ya kwanza ya marashi kama kiambishi cha ngeli, na neno likaingia bila taabu katika kundi la maji, mafuta na maziwa. Leo msemaji halioni tena tendo ndani ya jina. Lakini tendo limo, na ni tendo linalohitaji watu wawili: mwenye kurasha na mwenye kurashiwa. Mtu aliyeushika mrashi aliuelekeza kwa mwenzake.

Jambo hilo lilionekana mapema. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliletewa tambuu na popoo kutoka kwa sultani, na baada yake maji ya mawaridi ya Dameski, akamiminiwa yeye na kadhi aliyekuwa pamoja naye. Msafiri huyo, ambaye alikuwa mwepesi wa kulalamika pale adabu ilipopungua, aliandika habari hiyo kwa utulivu wa mtu aliyepata haki yake. Inafaa kuzingatia kwamba wote waliohusika na kupokea marashi siku ile walikuwa wanaume, na kwamba tendo lenyewe lilikuwa la kidiplomasia. Maji yale yalitoka mbali, na kwa hiyo yalimwambia mgeni kwamba mji aliofikia una mkono mrefu baharini.

Pwani haikuwa mpokeaji tu. Karne 4 kabla ya hapo, Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Wazanji mnamo mwaka 916, aliisifu ambari ya visiwa na fukwe za Wazanji kuwa ni miongoni mwa ambari bora kabisa, akaeleza umbo lake la mviringo na rangi yake ya samawati iliyofifia, na kwamba kipande kimoja huweza kufikia ukubwa wa yai la mbuni. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi na kutupwa ufukoni na mawimbi. Zabadi hukwanguliwa katika tezi ya ngawa. Udi ni mti wa bara Hindi na nchi za mashariki yake ambao hunukia baada ya kuugua, kwa maana utomvu wake wenye harufu hujengeka pale shina linapojeruhiwa na kuvamiwa na kuvu. Takriban kila kilichohesabiwa kuwa kizuri puani kilianza kama takataka au ugonjwa, na kazi ya mtu ilikuwa kukibadili. Pengine ndiyo sababu Kiswahili nacho hakikuona haja ya mizizi miwili. Kitenzi nuka, chenye asili ya Kibantu, leo humaanisha kutoa harufu mbaya. Kikiongezwa kiambishi cha kutendea kikawa nukia, harufu inageuka kuwa nzuri. Kinachotenganisha uvundo na manukato ni kwamba cha pili kinamwelekea mtu.

Dini iliipa desturi hiyo msingi na mipaka. Kuoga, kupiga mswaki na kujitia manukato kabla ya sala ya Ijumaa ni mambo yanayosisitizwa kwa wanaume, sambamba na kupunguza masharubu na kukata kucha. Aidha, iko hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Nasai inayotofautisha manukato ya wanaume na ya wanawake: ya mwanamume ni yale ambayo harufu yake hudhihiri na rangi yake hufichika, na ya mwanamke ni kinyume chake. Kwa mujibu wa kipimo hicho, dalia, ambayo huacha umanjano katika ngozi, na hina ya mikononi ziko upande wa wanawake, ilhali udi, miski, ambari na halwaridi, ambavyo havionekani, ni halali ya mwanamume hadharani. Hadharani ndilo neno la kushikwa. Mwanamume ndiye aliyepita njiani akinukia. Mwanamke alinukia ndani. Msomi wa leo anayeyaweka marashi yote katika fungu la mapambo ya wanawake anaitazama pwani kwa macho yasiyo yake.

Maulidi yaliihifadhi desturi hii vizuri kuliko shughuli nyingine yoyote. Wakati wa kiyamu, wasomaji wa Barzanji wanaposimama, chetezo hupitishwa na mrashi hutikiswa juu ya safu za wanaume, na kila mmoja hupokea matone machache katika viganja na kujipangusa usoni au kwenye kanzu. Harufu huwa ni moja kwa jamaa wote. Hakuna anayenukia peke yake.

Unyozi nao ulikuwa na sarufi hiyo hiyo. Jina kinyozi limeundwa kutokana na kitenzi nyoa, kwa njia ile ile ambayo mlinzi ametokana na linda, isipokuwa kwamba limevaa kiambishi ki- cha vitu huku likipatanishwa kama mtu. Methali mbili zinazojulikana na kila mtoto wa shule zinamhusu. Ya kwanza husema kinyozi hajinyoi, nayo ni methali ambayo nguvu yake yote imo katika silabi moja, ile -ji- inayokanushwa. Ya pili humwambia mtu kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Watu huitumia kama onyo, na ni onyo kweli, lakini ndani yake imehifadhiwa picha halisi ya ufundi: wanaume wamekaa foleni, wembe ni mmoja, na anayengoja hulainisha nywele zake mapema ili asiumie. Neno zako limeacha wazi iwapo ni nywele au ndevu, kwa kuwa zote ni za ngeli moja. Kwa vile wanaume wengi Waislamu wa pwani katika karne ya 19 walinyoa kichwa kizima, nywele ndizo zinazoelekea kukusudiwa. Katika miji kadhaa ya pwani bwana harusi hunyolewa kwa sherehe, jamaa wakimtunza fedha, kisha husingwa na kufukizwa. Vitenzi vyote hivyo viko katika kauli ya kutendwa.

Hapa ndipo penye jambo zito. Kauli ya kutendwa ina tabia ya kumficha mtenda. Ikisemwa kwamba mwungwana alifukizwa, alirashiwa na kunyolewa, haisemwi nani aliyechochea makaa, nani aliyesaga liwa juu ya msio mpaka mikono ikachoka, nani aliyeushika mrashi mlangoni. Mwana Kupona anajibu kwa sehemu: ni mke. Lakini katika nyumba kubwa za Pate, Lamu na Unguja, kazi nyingi za namna hiyo zilifanywa na watumwa. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Nasir, unapowakumbuka matajiri wa Pate waliotembea kwa maringo na kulala juu ya vitanda vilivyopambwa, hausahau marashi waliyonyunyiziwa. Mshairi anasikitika kwamba waliorashiwa wamo kaburini. Waliorasha hawamo katika sikitiko hilo. Manukato ya mwanamume yalikuwa sehemu ya uungwana, na uungwana ulipimwa kwa idadi ya mikono iliyomhudumia mtu.

Kwa hiyo mabadiliko ya karne ya 20 hayafai kusimuliwa kama upotevu mtupu. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, watu waliokuwa watumwa walianza kuvaa kanzu na kofia, mavazi yaliyokuwa alama ya waungwana. Laura Fair ameyaeleza mabadiliko hayo ya mavazi kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2001. Ni vigumu kuamini kwamba waliotaka kanzu hawakutaka na harufu yake. Kwa mtu aliyekuwa akirasha wengine, chupa ndogo ya kujitilia mwenyewe haikuwa upweke bali heshima.

Chupa hiyo ilikuja na wenziwe. Wembe wa Gillette wenye kishikio salama, ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1903, ulimwezesha mwanamume kufanya jambo ambalo methali ilisema kinyozi hulishindwa. Sabuni za viwandani nazo zikaleta mgawanyo mpya. Timothy Burke, katika utafiti wake wa mwaka 1996 kuhusu Zimbabwe, ameonyesha namna matangazo yalivyoihusisha Lifebuoy na mwanamume mfanyakazi mwenye afya, na Lux na mwanamke mrembo. Matokeo yake hayafai kuhamishiwa pwani ya Waswahili yalivyo, kwa kuwa Zimbabwe haikuwa na udi wala mrashi. Lakini swali lake linafaa: tangu lini sabuni ina jinsia? Mfano wa Old Spice unatosha kuonyesha jinsi mipaka hiyo ilivyochorwa kibiashara. Ilitolewa kwa wanawake nchini Marekani mwaka 1937, na mwaka uliofuata ikatolewa kwa wanaume, chupani mkiwa na picha ya jahazi. Wanaume ndio walioishika.

Katika Kiswahili, mabadiliko hayo yanasikika waziwazi. Kitenzi cha zamani, kurashiwa, kimebaki harusini, maulidini na katika mazishi. Kitenzi cha kila siku sasa ni kujipulizia, chenye ile -ji- ambayo kinyozi alinyimwa. Na jina limehitaji kivumishi: marashi ya kiume, pafyumu ya kiume. Lugha haiongezi kivumishi mahali ambapo maana ilikuwa ikijitosheleza. Wakati mwanamume alipofukizwa udi uleule uliofukiza nguo za mkewe, hakukuwa na haja ya kusema udi ni wa nani. Wanaotunga kamusi wana wajibu hapa. Maneno kama tibu, liwa, msio na halwaridi yakifafanuliwa kwa mifano ya biharusi peke yake, msomaji wa kesho ataamini kwamba babu zake walinuka jasho.

Biashara nayo imezunguka na kurudi ilikotoka. Karafuu za Unguja na Pemba, pamoja na mafuta yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka katika makonyo, zimetiwa katika sabuni na manukato ya Ulaya. Maua ya mlangilangi ya Komori huishia katika chupa za Ufaransa. Huko Omani, ambako wapo wasemaji wengi wa Kiswahili wenye asili ya Unguja na bara, wanaume wameendelea kukichovya katika manukato kile kishada kinachoning'inia shingoni mwa kanzu, ili harufu iwe karibu na pua ya mwenye kuvaa na ya mwenye kumkumbatia kwa salamu. Mwaka 1983 ilianzishwa huko kampuni ya Amouage, kwa matakwa ya Sultani Qaboos, nayo ikaanza na manukato mawili yenye jina moja la Gold, moja la kiume na moja la kike, yaliyotungwa na Mfaransa Guy Robert. Kizibo cha chupa ya kiume kilichongwa kwa mfano wa mpini wa jambia, na cha kike kwa mfano wa kuba la msikiti. Ndani ya chupa zote mbili mna waridi, asumini na ubani.