Kutoka Kermesi ya Minago hadi Siku ya Shule Kambini
Historia fupi ya watu waliosimamia meza za michezo bila malipo



Kamati ya Jamii imeniomba niandike machache juu ya historia ya meza za michezo ambazo watoto wetu huzikimbilia kila inapofika siku ya shule. Baadhi ya wenzangu walinicheka. Walisema kwamba historia ya wakimbizi ni vita, ni njia na ni mahema, sasa mpira wa matambara una historia gani? Nawajibu kwa makala hii.

Mimi ni mzaliwa wa Minago, pwani ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kaskazini ya mji wa Rumonge. Nimekimbia mara mbili, mwaka 1972 na mwaka 2015. Mara zote mbili nilipoteza nyumba, vitu na watu. Lakini kazi moja niliyojifunza nikiwa mtoto sikuipoteza, nayo ni kusimama nyuma ya meza, kumpa mwenzangu pete tatu za kurusha, na kumwambia kweli kama amepata au amekosa.

ASILI YA KERMESI

Sisi tuliosoma Burundi tunaijua siku hii kwa jina la kermesi. Neno lenyewe limetoka Ubelgiji, katika lugha ya Kiflamandi, ambako liliunganishwa kutoka maneno mawili, moja likiwa na maana ya kanisa na jingine misa. Ilikuwa sikukuu ya kila mwaka ya kukumbuka kuwekwa wakfu kwa kanisa la mahali. Misa ikiisha, watu walitandaza meza za vyakula na michezo. Kutoka huko neno liliingia katika Kifaransa, na Wabelgiji wakalileta katika nchi walizozitawala: Kongo, Rwanda na Burundi.

Wabelgiji waliichukua Burundi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 na kuitawala mpaka uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Katika miaka hiyo shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Hata hivyo pwani yetu iliwaona wamisionari kabla ya hapo. Mapadre Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na mwaka 1881 watatu kati yao wakauawa hapo, kituo kikafungwa. Waliporudi walipitia bara, wakajenga Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899.

Tusidhani lakini kwamba michezo yenyewe ililetwa na wageni. Bao la mashimo manne kwa manane, ambalo Burundi tunaliita urubugu, lilikuwepo vibarazani. Waswahili wa Rumonge, ambao wengi wao asili yao ni wafanyabiashara wa Ujiji, walikuwa na bao lao la kete 64. Kwa hiyo mgeni alituletea meza, sisi tukaijaza kwa vitu vyetu.

KERMESI YA MINAGO

Kwetu siku ya kermesi ilipangwa kwa kutazama mwezi. Wavuvi wa ndagala, ambao hapa Tanzania huitwa dagaa, huvua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, na mitumbwi hulala pwani. Basi mwalimu wetu alichagua siku za mwezi mpevu ili baba zetu wawepo.

Meza zilikuwa tano au sita. Palikuwa na pete za kurusha kwenye shingo za chupa, zilizosokotwa kwa makuti ya mchikichi. Palikuwa na makopo ya kuangusha kwa mpira wa matambara. Palikuwa na chupa iliyojazwa maharage, nawe ukisie idadi yake. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa meza ya kuvua, ambapo mtoto alitupa ndoana nyuma ya pazia la mkeka, na mtu aliyejificha huko akafunga zawadi: penseli, kipande cha sabuni, au chikichi moja la kuchekesha watu. Wazazi walinunua vikaratasi vya kuchezea, na fedha hizo zilinunua chaki na madaftari. Hakuna msimamizi wa meza aliyelipwa hata faranga moja.

Mwalimu alikuwa na sheria tatu. Kwanza, mwenye meza hachezi. Pili, mstari wa kurushia ni mmoja kwa wote. Tatu, kila zawadi inayotoka iandikwe daftarini.

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia meza ya pete nilikuwa na miaka kama kumi. Mdogo wangu alipofika, niliusogeza mstari mbele kwa kidole cha mguu, akapata penseli. Mwalimu aliniona. Hakunipiga. Aliniagiza niwaite watoto wote waliokosa tangu asubuhi, kila mmoja arushe tena kutoka kwenye mstari ule mpya. Zawadi zikaisha kabla ya alasiri. Penseli za mwisho mwalimu alizitoa katika mfuko wake wa shati, akaziandika daftarini kama nyingine.

MWAKA 1972

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua Watutsi wengi, na wanawake na watoto wakiwemo. Baadaye serikali ya Rais Michel Micombero na jeshi lake wakaua Wahutu kwa miezi kadhaa, hasa watu wenye elimu: walimu, makarani, wanafunzi. Makadirio yanayotajwa sana ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Tunaandika yote mawili, kwa sababu gazeti la ukumbusho haliwezi kukumbuka nusu ya wafu.

Mwalimu wetu alichukuliwa mwezi Mei. Hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Sisi tulivuka ziwa usiku kwa mtumbwi hadi upande wa Kigoma.

KATUMBA NA MAKAZI MENGINE

Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la TCRS walifungua makazi ya Ulyankulu mwaka 1972, Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Mimi nilikulia Katumba. Tulipewa ardhi, jembe na mbegu, tukafyeka msitu. Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi.

Shuleni tulifuata siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967: shamba la shule, mabanda ya kuku, useremala. Neno kermesi halikujulikana huko. Lakini siku ya Saba Saba kulikuwa na kuvuta kamba, mbio za magunia na kukimbia na ndimu kijikoni. Nikamwomba mwalimu mkuu niweke meza ya pete. Hatukuwa na penseli za kugawa; zawadi ilikuwa kipande cha sega la asali, maana Katumba ni nchi ya nyuki. Nilichora mstari, nikatafuta daftari. Siku hiyo nilijua kwamba mwalimu wa Minago hakufa na kila kitu chake.

KURUDI NA KUKIMBIA TENA

Baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na baada ya Tanzania kutangaza kwamba watu wa 1972 wanaweza kuchagua uraia au kurudi, wengi tulichagua. Zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Mimi nilirudi Minago mwaka 2008.

Wasomaji wa pwani wanajua tulichokikuta. Michikichi ya baba ilikuwa na mwenyewe mwingine, naye alikuwa ameishi hapo zaidi ya miaka thelathini. Kesi yetu ilikwenda kwenye tume ya ardhi, ikarudi, ikaenda tena. Katika miaka hiyo shule ilihitaji watu wa kusimamia meza za kermesi. Nilijiandikisha. Nilipofika asubuhi nilimkuta yule yule niliyekuwa na kesi naye amepangwa meza moja nami. Tulisimama siku nzima. Yeye alitoa pete, mimi niliandika. Wajukuu wake na watoto wangu walipanga foleni moja nyuma ya mstari mmoja. Sisemi kwamba kesi ilikwisha, maana haikwisha. Nasema tu kwamba jioni tulihesabu zawadi pamoja na hesabu ikatimia, na tangu siku hiyo tulisalimiana njiani.

Aprili 2015, baada ya kutangazwa kwamba Rais Pierre Nkurunziza atagombea tena, watu walianza kukimbia. Makumi ya maelfu tulirundikana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni mpakani mwa Tanzania, milima nyuma na ziwa mbele. Kipindupindu kiliingia mwezi Mei, na watu wapatao thelathini wakafa kwa kuhara. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilitubeba watu kama 600 kwa safari hadi Kigoma. Hapo tulipokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Tulilala katika uwanja wa mpira.

Asubuhi ya pili niliona watoto wakitupa vifuniko vya chupa wakilenga kopo. Waligombana, kila mmoja alitaka kusimama karibu. Nilichora mstari kwa kisigino, nikawahesabia vitatu vitatu. Ugomvi ukaisha. Hatukuwa na zawadi yoyote.

KAMBINI

Tulipoletwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, watoto wa Burundi walianza kusoma chini ya miti. Ilipoamuliwa kufanya siku ya shule, tuliweka meza nne.

Mwaka mmoja mambo yalikuwa rahisi: shirika moja lililipa posho kwa kila msimamizi wa meza, na tulijitokeza kumi na wawili. Mwaka uliofuata bajeti ilipungua, posho ikaondolewa, na asubuhi ile tulifika watatu tu. Watoto walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Meza mbili zilikaa bila mtu mpaka akina mama waliokuwa wakitoka bombani walipoweka ndoo chini na kushika kazi. Mmoja hakujua kusoma, akawa anatia kokwa moja ndani ya kopo kwa kila zawadi iliyotoka. Jioni hesabu yake ndiyo iliyokuwa sahihi kuliko zetu zote.

Siwalaumu waliobaki nyumbani. Mtu mwenye njaa kuuliza posho si aibu. Na kwa watumishi wa mashirika wanaosoma ukurasa huu nasema kwa heshima: mwalimu anayefundisha kila siku asiitwe mtu wa kujitolea ili alipwe kidogo. Hiyo ni kazi, nayo ina ujira wake. Lakini siku moja ya mwaka tuachieni tuifanye wenyewe, kwa mikono yetu na makosa yetu. Mkitaka kusaidia, leteni penseli.

Kwa nini nashikilia jambo dogo hivi? Mtoto wa kambini hupata kila kitu kwa kadi na kwa foleni. Unga ni kadi, sabuni ni kadi, blanketi ni orodha. Akipewa, hajui kwa nini amepewa. Akikosa, hajui kwa nini amekosa. Kwenye meza ya pete anauona mstari kwa macho yake. Anaona kwamba mtoto wa Fizi na mtoto wa Rumonge wanasimama pale pale. Akipata, ni mkono wake. Akikosa, hakuna aliyemdhulumu, na atarudi kujaribu. Lakini hayo yote yanategemea mtu mmoja mzima aliye nyuma ya meza asiyesogeza mstari kwa ajili ya ndugu yake.

Mataifa nayo yamelitambua jambo hili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa tarehe 20 Novemba 1989, katika ibara ya 31, unamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Na tarehe 20 Juni, ambayo Afrika iliiadhimisha kwanza kuwa siku ya wakimbizi wa bara letu, imekuwa Siku ya Wakimbizi Duniani tangu mwaka 2001. Hotuba za siku hiyo ni nzuri. Watoto hata hivyo hukumbuka zaidi kilichokuwa mezani.

MWISHO

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kamati inahitaji wasimamizi wa meza sita: pete, makopo, kuvua, maharage, bao na mbio za magunia. Hakuna posho. Kutakuwa na uji asubuhi. Wanaoweza waandikishe majina kwa viongozi wa zoni zao, wanawake kwa wanaume, Warundi kwa Wakongo. Wasiojua kusoma waje pia, kopo la kokwa lipo.

Meza ya pete nitaishika mimi, Mungu akipenda. Daftari nimekwisha kulipata, na ukurasa wa kwanza nimeuacha wazi kwa ajili ya mwalimu wetu wa Minago.