Kunyamaza si kukubali: historia ya sheria ya 2006 na sisi watu wa chuo



Kwetu Kampene, na hata Kindu, kuko neno moja lenye kila mtu analijua: "Kunyamaza ni kukubali." Wazee wanalisema wakati binti anaulizwa kama anamtaka mchumba, naye anainamisha kichwa bila kujibu. Vijana wa chuo nao wanalisema, lakini wao wako na shabaha ingine. Binti alikuja kutafuta silabusi kwenye chumba cha kijana, hakupiga kelele, basi alikubali. Alikunywa lotoko pamoja nasi, basi alijua.

Mimi nimesoma kilimo, si sheria. Lakini nilipoombwa nisaidie kutayarisha mazungumzo ya wapya wa mwaka wa kwanza, nilikaa chini nikasoma zile sheria zetu mbili za mwaka 2006 juu ya ubakaji, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kumbe nchi yetu ilishalikataa hilo neno zamani, na kwa maandishi. Leo nataka tufuate historia ya hizo sheria, sababu wengi wetu tunafikiri ni mambo ya waaskari na vita tu. Hapana. Zinatuhusu sisi pia.

Tuanze na wakati wa Wabelgiji. Tarehe 30 mwezi wa 1 mwaka 1940 walitoa dekreti yenye kuweka makosa na adhabu za Kongo. Ubakaji ulikuwa ndani, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha miaka 5 hadi 20. Lakini ili tribinali iseme kama ni ubakaji, ilitakiwa kuonyesha nguvu, au vitisho vikali, au hila, ao kama mtu alikuwa amepoteza fahamu. Mtoto aliyelindwa bila maswali ni yule mwenye chini ya miaka 14 tu. Mwanaume aliyebakwa hakuwa na nafasi ndani ya hiyo sheria. Tulipata uhuru mwaka 1960, nchi ikabadilisha jina mara nyingi, lakini maneno ya 1940 yalibaki.

Kisha vita. Kindu iliingia mikononi mwa RCD mwezi wa 10 mwaka 1998, na Maniema yetu ikakatika vipande: huku RCD, huku Mai-Mai, na raia katikati. Wamama waliokwenda mashamba walibakwa njiani, wengine mbele ya watoto wao. Ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010, yenye kuandika makosa ya kati ya 1993 na 2003, inataja pia mkoa wetu. Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilijaa wanawake wenye kuumizwa. Daktari Denis Mukwege, aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 2018, alijulikana duniani kwa kazi hiyo. Sasa maneno ya 1940 yalionekana mafupi. Kuko njia nyingi za kumbaka mtu zenye hayakuzitaja.

Vyama vya wanawake vilipiga kelele hadi Kinshasa. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kwenye kifungu cha 15, iliamuru serikali imalize ubakaji na mambo yote yanayofanana nao. Na tarehe 20 mwezi wa 7, siku 10 tu mbele ya uchaguzi wa 2006, rais akatia sahihi sheria mbili: namba 06/018 juu ya makosa na adhabu, na namba 06/019 juu ya namna ya kuhukumu.

Hizo sheria zilibadilisha nini? Mtoto sasa ni kila mwenye chini ya miaka 18. Mwanaume na mwanamke, wote wanaweza kubakwa, na wote wanaweza kuhukumiwa. Pembeni ya nguvu na vitisho, sheria inataja pia kumshitukiza mtu, na kumbana kwa akili mpaka anashindwa kukataa. Mtu aliyelewa mpaka hajijui, aliyelala, mgonjwa: huyo hawezi kukubali kitu.

Halafu soma 06/019, kifungu cha 14 ter. Inasema kama mtu hakuwa huru, maneno yake au matendo yake hayawezi kuchukuliwa kuwa ni kukubali. Inasema tena kama kunyamaza, au kukosa kujitetea, si kukubali. Na inakataza kupima ukweli wa mtu kwa mambo ya mapenzi aliyoyafanya zamani. Yaani lile swali la "lakini huyu binti si alikuwaka na wapenzi wengi?" halina nafasi mbele ya hakimu. Kwa nini basi liwe na nafasi kwenye makao ya wanafunzi?

Wale wamama wa mashambani walinyamaza mbele ya bunduki, na wabunge walielewa kama woga unafunga mdomo. Mbele ya mtu mwenye kushika pointi zako, mdomo unafungwa vilevile. Wote tunajua maneno ya "pointi za kitandani", tunayacheka. Sheria yenyewe haicheki. Mtu anayetumia mamlaka ya kazi yake kumsumbua mwingine kila mara ili alale naye, anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 12. Na kama ni mwalimu aliyembaka mwanafunzi wake, kiasi cha chini cha adhabu kinazidishwa mara mbili: kutoka miaka 5 kinakuwa 10.

Ni kweli, kesi zilizojulikana sana ni za waaskari. Mwezi wa 2 mwaka 2011, kule Baraka, tribinali ya kijeshi ilimhukumu luteni-kanali Kibibi Mutware miaka 20 juu ya ubakaji wa Fizi. Watu wakasema: sawa, sheria inafanya kazi, juu ya waaskari. Lakini hakuna mstari wenye kusema ni ya waaskari peke yao. Prof, asista, kiongozi wa darasa, mpenzi wako wa miaka 3, wote wako ndani.

Sasa, rafiki yako akija usiku kukuambia, ufanye nini? Kwanza, msikilize. Usimuulize alivaa nini, wala kwa nini alikwenda. Mwambie: "Nakuamini, si kosa lako." Pili, saa zinakimbia. Dawa za kuzuia VIH zinaanzwa kabla ya saa 72 kupita, na ikiwa mapema ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia hadi siku 5. Msindikize hospitalini, hata kama hataki kushitaki. Asioge kwanza kama anaweza, na nguo zisifuliwe, ziwekwe ndani ya karatasi, si plastiki. Aombe karatasi ya daktari. Tatu, siri ni yake. Usiiweke kwenye WhatsApp ya promosheni. Akitaka kwenda polisi ao parke, mwende pamoja. Kwa kesi ya kusumbuliwa na mkubwa, sheria inangoja mwenyewe alalamike, hakuna mwingine anaweza kumfanyia. Kama tumemchekelea, hatalalamika hata siku moja.

Na ile desturi ya kukaa kati ya familia mbili, mbuzi wanatoka, pesa inahesabiwa, maneno yanaisha? Sheria ya 2006 ilikataza kumaliza kesi ya ubakaji kwa kulipa faini ya mapatano. Ilitaka pia uchunguzi uishe kwa mwezi 1 na hukumu itoke kwa miezi 3. Najua, kutoka kwetu hadi tribinali ya Kindu barabara ni mbaya, na miezi 3 inapita bila kitu. Hiyo ndiyo kazi inayobaki, na sisi wenye diplome tunaweza kuifanya: kutafuta pesa ya moto ya kumfikisha, kulala naye hospitalini, kumwandikia barua yake.

Wadogo wetu wanaingia chuo hivi karibuni. Mwenye mdogo wake, dada ao kaka, amsomee kile kifungu cha 14 ter mbele hajapanda gari. Amwambie kijana kwamba kukubali ni kusema "ndiyo" ukiwa huru, ukiwa macho, na kwamba "ndiyo" ya jana si ya leo. Mwenye swali ao mwenye kujua zaidi, aandike hapa chini, tujifunze pamoja.