Kutoka Heller hadi 'hela': rupia zilizokosa ulinzi

Lipa kwa noti ya elfu moja pale Voi uone. Mwenye duka ataiinua kwenye mwanga, atafute uzi na kichwa cha simba ndani ya karatasi, kisha aipapase.

Kule Taveta, upande wa pili wa kaunti, Wajerumani walikalia mji kuanzia Agosti 1914 hadi Machi 1916. Wakati huo manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani ya koloni lao, noti hazifiki kutoka Ujerumani. Basi mwaka 1915 benki yao ikaanza kuchapisha rupia papo hapo Dar es Salaam, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Ulinzi je? Namba na saini, nyingine zikitiwa kwa mkono. Kufikia 1917, jeshi likirudi nyuma, zilipigwa kwa herufi za mpira, ati rupia! Mtoto wa shule angeweza kuziiga. Thamani yake ilikuwa ahadi ya serikali iliyokuwa ikishindwa vitani. Ikianguka, aliyelipwa kwazo abaki na karatasi.

Kilichodumu ni neno. Heller, sarafu yao ndogo iliyoanza 1904, mia moja kwa rupia, ndiyo 'hela' ya leo. Mtanzania akivuka Holili kuja sokoni Taveta hudai hela yake. Mwenzake wa Taveta humhesabia 'pesa', neno ambalo nalo lilikuja na paisa ya Kihindi.